Mapacha, jinsia na mizani: nani humzidi nani uzito, na kwa nini

Mapacha wakizaliwa, maswali mawili hutangulia mengine yote: ni wa jinsia gani, na wana kilo ngapi? Majibu yakishapatikana, watu huyafunga pamoja papo hapo. Wa kiume akiwa na kilo 2.6 na dada yake 2.2, itasemwa kwamba alimla mwenzake tumboni. Wakiwa wasichana wawili wadogo, itasemwa kwamba wasichana ndivyo walivyo. Na wakija wavulana wawili kabla ya wakati wao, wamelazwa kwenye mashine ya joto na kilo moja na nusu kila mmoja, hakuna anayejua la kusema.

Ndani ya maneno hayo kuna madai matatu ambayo hayafanani hata kidogo. La kwanza ni kwamba mvulana huzaliwa na uzito mkubwa kuliko msichana. La pili ni kwamba jozi ya mvulana na msichana huwa nzito kuliko jozi za jinsia moja. La tatu ni kwamba jinsia ya yule uliyekaa naye tumboni inaweza kubadilisha uzito wako wewe. La kwanza ni kweli. La pili nalo ni kweli mara nyingi, ila sababu yake siyo ile inayodhaniwa. La tatu ndilo wataalamu wamelivutania kwa muda mrefu, na jibu lake linaeleweka vizuri zaidi likihesabiwa kwa wiki kuliko kwa gramu.

Gramu mia na ushei

Tuanze na mtoto aliyekuwa peke yake tumboni, maana ndiye tunayempimia wengine. Viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, kutokana na watoto waliofuatiliwa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, vinaonyesha kwamba mvulana wa katikati huzaliwa na kilo 3.3 na msichana wa katikati kilo 3.2. Ukienda kwenye tarakimu kamili, tofauti ni kama gramu 110. Urefu nao uko hivyohivyo: sentimita 49.9 kwa mvulana, 49.1 kwa msichana. Hata mzingo wa kichwa, wavulana wako mbele kidogo.

Tofauti hiyo haingoji wiki za mwisho. Altrasaundi ya miezi mitatu ya kati ya ujauzito tayari humkuta mvulana, kwa wastani, ana kichwa kipana kidogo kuliko msichana wa umri uleule. Maelezo ya kwanza yanayotolewa ni homoni. Kuanzia kama wiki ya nane au ya tisa, korodani za mvulana huanza kutengeneza testosteroni, na homoni hiyo huchochea ukuaji. Kidokezo kimoja cha kuunga mkono maelezo haya kinatoka kwa watu wenye kromosomu XY, yaani za kiume, ambao miili yao haiitikii testosteroni kabisa. Hao huzaliwa na umbile la kike, na walipopimwa, uzito wao wa kuzaliwa ulielekea upande wa wasichana, si wa wavulana.

Lakini homoni haimalizi habari. Watu husahau kwamba kondo la nyuma si mali ya mama peke yake. Sehemu yake kubwa hutokana na yai lilelile lililomtengeneza mtoto. Kwa hiyo kondo la mvulana lina kromosomu za kiume na la msichana lina za kike, na jeni kadhaa hufanya kazi kwa namna tofauti ndani yake. Maelezo yanayotajwa sana siku hizi ni kwamba mvulana huelekeza karibu kila anachopata kwenye kukua, ilhali msichana hukua kwa tahadhari na kubakiza nafasi ya kujihami pale chakula au hewa vinapopungua. Mambo yakienda sawa, mvulana hutoka mkubwa zaidi. Yakienda kombo, yeye ndiye huumia kwanza. Tutalirudia hili, kwa sababu kwa mapacha mambo huenda kombo mara nyingi zaidi.

Upacha wenyewe hupunguza kuliko jinsia

Pacha wa kawaida ni mwepesi kuliko mtoto aliyekuwa peke yake kwa karibu kilo nzima. Nchini Marekani, ambako hesabu hizi huwekwa mwaka hadi mwaka, wastani wa uzito wa pacha ni takriban kilo 2.3, na zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa chini ya kilo 2.5, mpaka ambao chini yake mtoto huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Linganisha na zile gramu 110 za jinsia. Ukitaka kukisia uzito wa mtoto kabla hajawekwa kwenye mizani na ukaruhusiwa kuuliza swali moja tu, usiulize kama ni wa kike au wa kiume. Uliza kama yuko peke yake.

Upungufu huo una vyanzo viwili. Cha kwanza ni muda. Mimba ya mtoto mmoja hufika wiki 39 au 40. Ya mapacha huishia kwa wastani kwenye wiki ya 35 au 36, na kwa Marekani karibu mapacha sita katika kila kumi huzaliwa kabla ya wiki 37, yaani ni njiti. Cha pili ni kasi. Hadi kama wiki ya 28, na kwa wengine hadi ya 32, pacha hukua sambamba na mtoto wa peke yake. Baada ya hapo mstari wa mapacha hulala, kwa kuwa mfuko wa uzazi mmoja na mwili wa mama mmoja vinalisha wawili.

Kuna hesabu moja hapa ambayo inafaa kuandikwa pembeni. Katika miezi ya mwisho, mtoto aliye peke yake huongeza karibu gramu 200 kila wiki, na pacha huongeza pungufu kidogo ya hapo. Maana yake ni kwamba wiki moja tu ya kuchelewa au kuwahi kuzaliwa huweza kuzidi tofauti yote ya jinsia. Kila tafiti inayolinganisha mapacha wa kike na wa kiume bila kuangalia wiki zao inapima mambo mawili kwa mizani moja.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa fitina

Chukua kumbukumbu za hospitali yoyote kubwa, tenga jozi katika mafungu matatu (wavulana wawili, wasichana wawili, mvulana na msichana), kisha tafuta wastani wa uzito wa kila fungu. Kuna uwezekano mkubwa jozi mchanganyiko zikaonekana nzito kuliko unavyotarajia. Hesabu ya haraka ingesema zikae katikati kabisa, kati ya wavulana na wasichana. Mara nyingi hazikai hapo, hupanda. Mtu akiishia hapo atasema kwamba mvulana na msichana wanapatana zaidi tumboni, au kwamba jinsia mbili hazigombanii chakula. Ni maelezo matamu, na takwimu hizo zitakuwa zimempiga changa la macho.

Tatizo ni kwamba mafungu hayo matatu hayana mapacha wa aina moja. Wako mapacha wa mayai mawili, ambao ni ndugu wa kawaida waliotunga siku moja: kila mmoja ana yai lake, mbegu yake na kondo lake. Na wako mapacha wa yai moja, ambalo lilirutubishwa kisha likagawanyika. Wa mayai mawili wanaweza kuwa wa jinsia yoyote, moja au mbili tofauti. Wa yai moja huwa wa jinsia moja daima, ukiacha visa adimu mno ambamo mmoja wao hupoteza kromosomu Y mapema katika ukuaji. Kwa hiyo fungu la mvulana na msichana ni la mayai mawili watupu. Mafungu ya jinsia moja ni mchanganyiko.

Mchanganyiko huo una uzito kwenye mizani kwa sababu ya kondo. Yai likigawanyika ndani ya siku tatu za kwanza, kila mtoto hupata kondo lake, kama ndugu wa mayai mawili. Likigawanyika baada ya hapo, watoto hushiriki kondo moja. Karibu theluthi mbili ya mapacha wa yai moja huangukia kundi hili la pili. Kushiriki kondo ni kama nyumba mbili kuchota maji kwenye bomba moja: si kwamba maji hayatoshi siku zote, ila mgawo haudhibitiwi na mtu. Kitovu cha mmoja kinaweza kushika pembeni mwa kondo na kupata sehemu ndogo. Mishipa ya damu ya watoto wawili huungana juu ya kondo, na katika jozi 10 hadi 15 kwa kila 100 za aina hii damu huhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kupita kiasi; anayetoa hudumaa, anayepokea hujaa maji na moyo wake huelemewa. Mapacha wanaoshiriki kondo huzaliwa mapema zaidi, na hata ukilinganisha wa wiki zilezile, ni wepesi zaidi kwa wastani.

Ni wangapi? Daktari wa Ujerumani Wilhelm Weinberg, yuleyule ambaye jina lake limebaki kwenye kanuni ya jenetiki ya Hardy na Weinberg, alionyesha mwaka 1901 njia ya kukadiria bila kumpima mtoto hata mmoja. Kwa mapacha wa mayai mawili, jinsia ya kila mmoja huamuliwa kivyake, kwa hiyo karibu nusu yao watakuwa mvulana na msichana, robo wavulana wawili, robo wasichana wawili. Basi ukizidisha jozi mchanganyiko kwa mbili, umepata idadi ya jozi zote za mayai mawili. Zinazobaki ni za yai moja.

Tuseme tuna jozi 1,000, na kati yake 350 ni za mvulana na msichana. Za mayai mawili zitakuwa 700, za yai moja 300. Jozi za jinsia moja ni 650: kati yake 350 ni za mayai mawili na 300 za yai moja. Theluthi mbili ya hizo 300, yaani 200, zinashiriki kondo. Kwa hiyo karibu jozi moja katika kila tatu za jinsia moja ina kondo la kugawana, ilhali kwenye fungu la mvulana na msichana karibu hakuna hata moja. Ukiona wastani wa jozi za jinsia moja umeshuka, hizo 200 ndizo zilizouvuta chini. Jinsia imetumika tu kama alama ya nje ya kitu kilichofichika ndani.

Jambo hili lina matokeo ambayo binafsi huyaona ya kuvutia kuliko yote. Idadi ya mapacha wa yai moja haitegemei mahali. Karibu kila pembe ya dunia ni jozi tatu na nusu hadi nne kwa kila uzazi 1,000. Wa mayai mawili ndio hupanda na kushuka kufuatana na umri wa mama, urefu wake, uzazi wake wa nyuma, nasaba, na matibabu ya kutafuta mtoto. Miongoni mwa Wayoruba wa kusini magharibi mwa Nigeria kuliwahi kuripotiwa zaidi ya jozi 40 kwa kila uzazi 1,000, nyingi mno zikiwa za mayai mawili. Japani, kabla ya dawa za uzazi kuenea, mapacha wa yai moja waliwazidi wa mayai mawili. Sasa fikiria watafiti wawili, mmoja Ibadan, mji wa Wayoruba, na mmoja Tokyo, kila mmoja analinganisha uzito wa jozi mchanganyiko na wa jozi za jinsia moja. Wa Ibadan ataona pengo dogo, kwa kuwa hata jozi zake za jinsia moja ni za mayai mawili kwa wingi. Wa Tokyo ataona pengo kubwa. Wanaweza kuandikiana barua za ubishi maisha yao yote kuhusu athari ya jinsia, na jinsia haijafanya lolote.

Ukiwatenga wa mayai mawili peke yao

Dawa ni kuwaondoa mapacha wa yai moja kwenye hesabu na kulinganisha ndugu wa mayai mawili kwa wenzao. Hilo ni rahisi kulisema kuliko kulifanya, kwa sababu watoto wawili wa jinsia moja wenye makondo mawili wanaweza kuwa wa aina yoyote, na bila kipimo cha damu au cha vinasaba hujui. Ndiyo maana rejesta ya mapacha ya East Flanders nchini Ubelgiji, iliyoanza mwaka 1964, ina thamani ya pekee: huko makondo huchunguzwa mara tu baada ya uzazi, na aina ya upacha huthibitishwa.

Kutokana na rejesta hiyo, mwaka 2001 watafiti walichapisha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Katika mapacha wa mayai mawili, jozi za wavulana wawili zilizaliwa mapema kidogo kuliko jozi za wasichana wawili. Jozi za mvulana na msichana hazikukaa katikati. Zilikaa tumboni muda unaokaribia ule wa wasichana. Na mvulana mwenye dada alizaliwa na uzito mkubwa kuliko mvulana mwenye kaka. Tafsiri yao ilikuwa kwamba msichana ndiye anayerefusha mimba, na kaka yake hufaidika na siku hizo za ziada.

Yaani ule usemi wa mvulana kumla dada yake umegeuzwa kichwa chini: kama kuna anayenufaika na mwenzake, ni yeye, na hakumnyang'anya chochote.

Mwaka 2018 ukaja uchambuzi mkubwa zaidi, uliounganisha makundi 21 ya mapacha kutoka nchi 15, watu 67,850, wote wa mayai mawili. Matokeo yake yanaweza kusemwa kwa sentensi chache. Wavulana walikuwa wakubwa kuliko wasichana kwa uzito, urefu na kichwa, awe mwenzake ni nani. Kwa wasichana, kuwa na kaka au dada tumboni hakukubadilisha uzito. Tofauti ilikuwa ya gramu chache tu, zisizo na maana. Kwa wavulana, wenye dada walikuwa wazito kidogo kuliko wenye kaka, kwa makumi machache ya gramu, na jambo hilo liliendana na mimba yao kuwa ndefu kidogo.

Mimi nasoma matokeo hayo hivi: athari ipo, ni ndogo, na hupitia kwenye kalenda kuliko kwenye sahani. Hakuna ushahidi wa maana kwamba mvulana humpunguzia dada yake chakula, wala kwamba humnenepesha.

Kwa nini wavulana huharakisha kuzaliwa? Si mapacha tu. Hata mimba ya mvulana mmoja ina hatari kubwa kidogo ya kuishia kabla ya wakati kuliko ya msichana mmoja. Wengine huelekeza kidole kwenye kondo la kiume, ambalo huonekana kuwa jepesi zaidi kuingia kwenye uvimbe na maambukizi yanayoamsha uchungu. Wengine husema ni ukubwa wenyewe: wavulana wawili hujaza nafasi mapema. Maelezo haya mawili hayapingani.

Mzito si lazima awe na nguvu

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu kosa linalofanyika wodini na nyumbani ni lilelile. Mzazi akiona mvulana ana kilo 1.8 na dada yake 1.7, macho yote huenda kwa msichana. Kumbe mara nyingi anayehitaji kuangaliwa kwa jicho kali zaidi ni mvulana. Mapafu ya mvulana njiti huchelewa kukomaa ukilinganisha na ya msichana wa wiki zilezile. Ile mafuta laini inayozuia vifuko vya hewa visinywee hutengenezwa mapema zaidi kwa wasichana, na homoni za kiume ni miongoni mwa vitu vinavyoichelewesha. Ndiyo maana wavulana njiti hupata shida ya kupumua mara nyingi zaidi, na vifo vya wiki za mwanzo huwa vingi zaidi upande wao. Gramu mia za ziada hazifuti hasara hiyo.

Ukipanga jozi kwa hatari, basi, mpangilio haufuati uzito. Wavulana wawili, ambao kwa wiki zilezile ndio wazito zaidi kwa wastani, ndio pia huwatia madaktari wasiwasi zaidi, kwa kuwa huwahi na wakiwahi huumia.

Hesabu za jinsia zenyewe zinaonyesha hili kwa mbali. Katika uzazi wa mtoto mmoja, huzaliwa wavulana 105 hivi kwa kila wasichana 100. Kwa mapacha uwiano huo hushuka. Kwa mapacha wa yai moja hushuka zaidi, na katika kundi dogo kabisa la wale wanaoshiriki siyo kondo tu bali hata chupa moja ya maji ya uzazi, wasichana ndio wengi waziwazi.

Vipi kuhusu homoni za kaka?

Swali hili huja mara kwa mara, nalo lina asili yake katika zizi. Ng'ombe akizaa pacha wa dume na jike, yule jike huwa tasa katika visa zaidi ya tisa kwa kila kumi. Mwanabiolojia wa Chicago, Frank Lillie, alieleza sababu kati ya mwaka 1916 na 1917: makondo ya ndama hao huungana, damu huchanganyika, na homoni za dume humfikia jike wakati viungo vyake vya uzazi vinajengwa. Panya nao wameonyesha kitu cha aina hiyo kwa kiasi kidogo. Jike aliyekaa katikati ya madume wawili tumboni huonyesha tabia na umbile vinavyotofautiana kidogo na vya jike aliyekaa kati ya majike.

Kutoka hapo ni hatua fupi kudhani kwamba msichana mwenye kaka hupata testosteroni ya ziada na kuzaliwa mzito zaidi. Ila binadamu si ng'ombe. Kwa mvulana na msichana kila mmoja ana mfumo wake wa mishipa, na hata makondo mawili yakigusana au kushikana, kwa kawaida damu haivuki. Juu ya hapo, kondo la binadamu lina kimeng'enya chenye nguvu kinachogeuza homoni za kiume kuwa estrojeni kabla hazijafika mbali. Kama homoni za kaka zingekuwa zinaongeza uzito wa dada, wale maelfu ya wasichana wa uchambuzi wa 2018 wangeonyesha. Hawakuonyesha. Kuna wanaotafuta athari hiyo kwenye mambo mengine, kama meno, masikio na tabia, na huko ubishi unaendelea; kwenye uzito wa kuzaliwa sioni cha kubishania.

Ukiwa na watoto wawili mbele yako, si wastani

Wastani wa maelfu ya watoto haukuambii mengi kuhusu wawili waliolala kitandani. Ndani ya jozi moja, watoto hutofautiana kwa gramu mia moja, mia mbili, hata mia tatu bila kuwepo tatizo lolote. Kwa kuwa mtawanyiko huo ni mkubwa kuliko tofauti ya jinsia, jozi nyingi sana huwa na msichana mzito kuliko kaka yake. Si ajabu wala si dalili ya ugonjwa. Aliyetangulia kuzaliwa naye huwa mzito kidogo kwa wastani kuliko anayemfuata, jambo ambalo linaweza kuficha tofauti ya jinsia au kuiongeza.

Madaktari hupima pengo la jozi kwa asilimia. Unachukua uzito wa mkubwa, unatoa wa mdogo, unagawanya kwa wa mkubwa, unazidisha kwa 100. Mmoja akiwa na gramu 2,400 na mwenzake 2,300, pengo ni asilimia 4 na kidogo. Hicho ndicho takriban kiasi ambacho jinsia inaweza kudai kuwa ni chake. Wakiwa na 2,400 na 1,900, pengo ni karibu asilimia 21, na hapo hatuzungumzii tena mvulana na msichana. Mpaka unaotumika sana kuanza kushtuka ni asilimia 20 au 25, kutegemea mwongozo unaofuatwa. Pengo kama hilo likionekana kwenye altrasaundi wakati mimba inaendelea, kinachotafutwa ni kondo lililoshika vibaya, kitovu chenye hitilafu, tatizo la kuzaliwa nalo kwa mmoja wao, au damu kuhama ikiwa wanashiriki kondo. Kuambiwa kwamba msichana amekuwa mdogo kwa sababu ni msichana, huku pengo likiwa robo nzima, si jibu la kuridhika nalo.

Ndiyo sababu kitu chenye manufaa zaidi kukijua mapema si jinsia bali idadi ya makondo. Altrasaundi ya kati ya wiki ya 11 na ya 14 huiona vizuri. Pale utando unaowatenga watoto unapokutana na kondo, ukiwa mnene wenye umbo la kabari, makondo ni mawili; ukiwa mwembamba na kukutana nalo kama herufi T, kondo ni moja. Mimba ikishakua, alama hizo hufifia, na baadaye mpimaji hulazimika kukisia. Ni hapo jinsia inapopata kazi yake ya kweli: wakionekana mvulana na msichana, unajua kwa uhakika wa karibu kabisa kwamba kila mmoja ana kondo lake, na hofu ya damu kuhama inaondoka. Wakiwa wa jinsia moja na hakuna aliyeangalia makondo mapema, mimba hufuatiliwa kana kwamba wanashiriki, yaani kwa vipimo vya karibu karibu kila wiki mbili kuanzia kama wiki ya 16.

Limebaki suala la chati. Hospitali nyingi huweka uzito wa pacha kwenye chati ya watoto waliozaliwa peke yao, na nyingi ya chati hizo zina mstari wa wavulana na mstari wa wasichana. Kwa hiyo watoto wawili wa wiki 36, wote wenye uzito uleule, wanaweza kupewa majina tofauti: msichana yuko ndani ya kawaida, kaka yake ni mdogo kuliko umri wake. Mzazi hushangaa, lakini chati iko sahihi. Mvulana alitarajiwa afike mbele zaidi. Kisichokubaliwa na wote ni kama mapacha wawe na chati yao. Wanaoitaka husema bila hiyo mapacha wengi wenye afya huitwa wadogo baada ya wiki ya 32. Wanaoikataa husema mstari wa mapacha hulala kwa sababu baadhi yao kweli hawapati vya kutosha, na kuufanya huo kuwa kawaida ni kuwaficha wanaohitaji msaada. Vituo vingine hutumia zote mbili kwa pamoja, wakiangalia zaidi kama kila mtoto anaendelea kwenye mstari wake mwenyewe kutoka kipimo hadi kipimo.